Mashine Iliyopona Kila Ilipomwona Fundi

Vijana wangu wa chumba cha seva,

Siku mliyoniaga kwa keki na zile picha mlizonisimamisha katikati mpaka miguu ikaniuma, mmoja wenu aliniambia, "Mama Logi, sasa ukae uandike, yasije yakapotea." Nikajibu kwamba nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo mpaka inanitisha. Asubuhi namwagilia mchicha wangu hapa Kihonda, saa mbili nimeshamaliza, na siku nzima iko pale inanitazama. Basi nimekaa.

Vyeo nilivyopanda na vile nilivyorukwa sitaviandika. Vyote viko kwenye faili langu masjala, mwenye hamu akalisome, ila ajiandae kupiga chafya. Nitaandika juu ya programu zinazokufa bila sababu, maana hiyo ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote, na ndiyo iliyonipa aibu moja ambayo sitaki mwipate nyinyi.

Siku ya kwanza kazini nilikuja na cheti cha ufundi, viatu vipya vilivyonibana, na hakika kwamba najua kompyuta. Chumba cha mashine cha chuo chetu ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na ndani yake alikaa Mzee Shabani, kavaa kofia ya vito na sweta zito la kijani, mji mzima wa Morogoro ukitoka jasho nje. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Kaa hapo. Usiguse." Nilikaa siku tatu sijagusa kitu. Nilisoma tu maelezo ya amri za Unix, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na yeye alikuwa akinipa chai kila baada ya saa mbili kama mgonjwa wa wodini.

Siku ya nne programu ya kuchapa matokeo ya wanafunzi ilizima ghafla. Nikamkimbilia. "Mzee, imekataa!"

Akavua miwani. "Ng'ombe ndiye hukataa, Perpetua. Mashine imesema kitu. Imesemaje?"

Sikujua imesemaje. Nilikuwa nimeshafuta skrini. Akanituma nirudi nikaiendeshe tena, ife tena, na safari hii nisome. Ilikuwa imeandika *Segmentation fault*, maneno mawili ambayo nyote mnayajua na nyote siku ya kwanza yaliwatoa jasho. Mzee Shabani akanieleza kwa namna ambayo binti wa Mgeta hawezi kuisahau. Kumbukumbu ya kompyuta, alisema, ni kama mlima uliogawiwa vipande. Kila programu ina kipande chake. Ikivuka mpaka kwenda kuchuma kabichi za jirani, mfumo haujadiliani nayo wala haumwiti balozi. Unaiua palepale.

Kisha akanionyesha kaunta buku lake. Juu ya jalada alikuwa ameandika kwa wino mweusi: MISIBA. Kila programu iliyokufa ilipata mstari wake: jina, saa, ilikuwa ikifanya nini, na nani alikuwa karibu. Mtu akija kulalamika kwamba kazi yake imezima, Mzee Shabani alianza kwa kusema "Pole sana", kwa sauti ya matangani kabisa, ndipo akafungua buku. Wahadhiri wapya walidhani anawadhihaki. Alikuwa anawadhihaki, lakini pia alikuwa anaandika.

Kutoka kwake nilijifunza habari ya maiti. Programu inapouawa, mfumo unaweza kuacha faili liitwalo core, ambalo ndani yake kuna sura yote ya kumbukumbu ilivyokuwa wakati wa kukata roho. Sisi tuliliita maiti. Ukilifungua kwa programu ya uchunguzi iitwayo gdb na kuandika *bt*, unaona programu ilikuwa kwenye shughuli gani, nani aliiita huko, na nani alimwita huyo aliyeiita, mpaka mwanzo. Mashine nyingi huja zimepangwa zisiache maiti kabisa. Ukubwa unaoruhusiwa ni sifuri. Kwa hiyo nilipoingia kwenye mashine yoyote mpya, kabla sijauliza hata choo kiko wapi, niliandika *ulimit -c* nione kama hapa marehemu huchunguzwa au huzikwa kimyakimya.

Si kila kifo kilihitaji uchunguzi. Mwaka wangu wa pili programu moja ya maktaba ilikuwa ikifa bila kuacha maiti wala neno. Nilipekua mistari yake kwa wiki mbili. Nilikonda. Siku ya kumi na tano Mzee Shabani akaja na kikombe chake, akaandika neno moja tu, *dmesg*, akanipisha nisome. Mfumo wenyewe ulikuwa umeeleza waziwazi, kwa saa na dakika, kwamba kumbukumbu ilikwisha ukaamua kumuua mmoja ili wengine wapone. Muuaji alikuwa ameacha barua mezani, nami nilikuwa napima nyayo nje. Tangu hapo kila aliyekuja kwangu na tatizo nilimuuliza kwanza, "Logi zinasemaje?" yaani mashine yenyewe imeandika nini. Jina likanishika, na nimelizoea kuliko la ubatizo.

Mzee Shabani alipostaafu aliniachia kaunta buku na onyo moja. "Usimhukumu mtu kwa maiti ambayo hujaiona," alisema. Nilidhani ni maneno ya kuagia tu, yale ambayo watu husema wakiwa na mfuko wa zawadi mkononi. Nikaitikia "Ndiyo mzee" na kuendelea kukusanya vikombe.

Sasa niwaambie habari ya Zaituni. Wengi wenu mnamfahamu kama mtu wa kucheka mpaka korido ya pili. Hamkumwona alipokuja, mama wa watoto wawili, na mkataba wa muda ambao ungeweza kukatwa kwa karatasi moja. Chuo kilikuwa kimeombwa na zahanati moja ya misheni kule Mgeta kiwatengenezee programu ya kliniki ya akina mama na watoto. Wao walikuwa na makabati ya madaftari yaliyolowa ukungu. Mama akishuka mjini kujifungua kwa shida, hakuna aliyejua ameshazaa mara ngapi wala damu yake ni kundi gani, mpaka mtu apande tena mlimani kutafuta daftari.

Zaituni aliandika programu ile peke yake. Kompyuta ya zahanati ilikuwa ya msaada, kizee chenye kumbukumbu ndogo, kwa hiyo tuliiwekea Linux na yeye akaandika kwa lugha ya C ili iwe nyepesi. Kila swali kwenye skrini lilikuwa kwa Kiswahili cha manesi wenyewe, maana alikaa nao kliniki siku nane akiwasikiliza. Waliipenda. Karani wao, Mama Theresia, mwanamke mnene wa makamo anayezungumza kwa kuimba kama tunavyoimba sote tuliozaliwa kule juu, alijifunza kuiendesha kwa wiki moja.

Kisha ikaanza kufa.

Mama Theresia alipiga simu. "Mwanangu, imezima tena, na hapa nje nina akina mama wamejaa mpaka kwenye ngazi." Tulimwambia tunakuja kesho. Tukapanda, saa tatu za kona na mawe, tukakuta mashine inafanya kazi kama saa ya ukutani. Tukaijaribu kwa kila namna. Haikufa. Tukashuka. Baada ya siku mbili, simu: imezima. Tunakuja kesho. Tukapanda, nzima. Mara ya tatu Mama Theresia mwenyewe alikuwa na haya. "Inawaogopa nyie," alisema. "Ikiwaona tu, inapona."

Mara ile ya tatu nilienda na kisanduku changu chote. Nilipima diski. Nilipima kumbukumbu kwa programu ya majaribio, saa nzima na zaidi, huku tukila viazi vya kuchemsha. Hakuna hitilafu hata moja. Niliporudi mjini Mkuu wa Idara alitaka ripoti, nami nilikuwa nimechoka na mgongo unauma, nikaandika mistari michache na kutia sahihi: *Mashine ni nzima. Kasoro iko kwenye programu.*

Someni tena sentensi ile ya pili. Sikuwa nimefungua maiti hata moja. Mimi, Mama Logi.

Mkuu wa Idara hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Karatasi yangu ilisema kasoro ni ya programu, na programu ilikuwa ya Zaituni. Akaitisha kikao cha Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Sista mkuu wa zahanati akaalikwa. Yangeamuliwa mambo mawili: programu iondolewe, na mkataba wa aliyeiandika usiongezwe. Zaituni alisoma nakala ya ripoti yangu akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi. Siku zile hatukula naye chakula cha mchana. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi. Ugali wangu haukushuka vizuri hata hivyo.

Kumbe yeye hakulala tu. Katika safari ya tatu, mimi nikipima diski, alikuwa ameiruhusu mashine iache maiti. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha, basi alimwomba Mama Theresia azikusanye kwenye flashi. Flashi ikashuka Jumatatu ndani ya bahasha ya kaki, mfukoni mwa dereva wa lori la kabichi, ikiwa imefungwa kwa nailoni mbili dhidi ya mvua.

Jumanne mchana alinijia. "Dada Pepe, naomba dakika tano. Sikuja kujitetea."

"Zungumza, mdogo wangu."

"Twende ukaone."

Alikuwa amechapa karatasi kumi na tatu, moja kwa kila maiti, na kuzipanga sakafuni kwenye korido kama mtu anayeanika mpunga. Wanafunzi walikuwa wanazirukaruka. Nilipiga magoti. Ya kwanza ilikufa ikipanga majina. Ya pili ilikufa ikihesabu wiki za ujauzito. Ya tatu ilikufa ikichapa kadi, ya nne ikisubiri tu mtu aandike, haifanyi kazi yoyote. Nilipofika ya tisa nikasimama.

"Hii si programu yako," nikasema.

"Ni gzip," akasema Zaituni. "Ile inayobana faili za akiba. Dunia nzima inaitumia. Nayo nimeiandika mimi?"

Hakusema kwa ukali. Niliona uso unaniwaka pale sakafuni, na wanafunzi wanapita. Programu mbovu hujikwaa kwenye kisiki kilekile kila ikipita. Hii ilikuwa inajikwaa popote, hata kwenye njia tambarare, na jirani yake asiyehusika alianguka pia. Hiyo ni dalili ya mashine, wala si ya mwandishi. Mzee Shabani angeliona hilo akiwa bado anakoroga chai.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nimekukosea kwa maandishi."

"Basi twende tukairekebishe kwa maandishi," akasema. "Ila kwanza tujue ni nini, dada. Ijumaa hawatapokea 'sijui'."

Jumatano alfajiri dereva yule wa kabichi alikuwa anapanda mtupu, tukadandia. Hatukupiga simu. Haikuwa hila, hata kama mtadhani hivyo sasa. Lori lilikuwa linanguruma, Zaituni alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, na simu yangu haikuwa na salio. Safari zote tatu za nyuma tulitoa taarifa siku moja kabla, kama wageni wenye adabu. Hii ilikuwa ya kwanza kwenda bila hodi ya mbali.

Tulifika kukiwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nilibisha. "Shikamoo, Mama Theresia."

"Marah..." Neno halikuisha. Alikuwa kwenye kiti chake, akina mama wamejaa kwenye benchi, na mbele yake ilikuwa kompyuta ambayo sikuwahi kuiona. Yaani ilikuwa ileile, lakini imevaa. Kasha lake lote lilikuwa ndani ya vazi la uzi mweupe lililofumwa kwa mkono, maua mekundu kwenye kona, marinda chini, limeshonwa likaikaa sawasawa pande zote, mbele, nyuma, ubavuni na juu. Alikuwa ameacha tundu moja dogo la kupitisha kidole afikie kitufe cha kuwashia, na lingine nyuma la waya.

Zaituni alinitazama. Mimi nilimtazama Zaituni.

"Jamani mbona hamkusema mnakuja!" Mama Theresia alikuwa ameshasimama, anahangaika kulivua. "Ningekuwa nimelitoa. Nikisikia mnakuja nalivua, nalifua, nalianika, maana mafundi, msinielewe vibaya, mikono yenu ina mafuta."

"Usilivue, mama," nikasema taratibu. "Umelifuma mwenyewe?"

"Miezi miwili." Fahari yote ilikuwa usoni. "Mashine ya heshima kama hii ikae uchi? Tena huku kwetu? Mwaka huu baridi ya Julai mpaka kuku walikuwa wanatetemeka. Nikasema hii imetoka bondeni, haijazoea, itaugua."

Niliweka kiganja juu ya maua mekundu. Kulikuwa na moto wa pasi. Nje watu walikuwa wamejifunga mablanketi, na ndani ya lile vazi feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote ikivuta hewa ileile iliyoitapika. Nilikuwa nimepima kila kitu, nikaamini baridi ya mlima inatosha kuipoza mashine, nisifikirie hata mara moja kwamba kwenye baridi ndipo mtu huvalishwa.

Tukafanya kama inavyopasa, maana kuona si kuthibitisha. Tukaiacha imevaa, Zaituni akaipa kazi ya kupanga majina yale yale tena na tena. Nilisoma joto: digrii tisini na kitu. Kabla nesi hajamaliza kumpima mtoto mmoja uzito, programu ilikufa. Tukavua vazi, tukangoja ipoe, tukaipa kazi ileile. Tulikunywa chai, tukala viazi, wakapimwa watoto wote wa benchi la kwanza. Ilikuwa inaendelea. Tukaivalisha tena. Ikafa. Tukaivua tena. Ikaishi. Nyuma yetu akina mama walikuwa wameshaelewa mchezo, wakawa wanashangilia kila ikifa na kila ikifufuka, na mmoja aliuliza kama kesho pia tupo.

Mama Theresia hakushangilia. Alikuwa amesimama na vazi mikononi, na hapakuwa na haja ya kumweleza.

"Kwa hiyo mimi ndiye muuaji," akasema.

Kutaja kosa la mtu aliyeipenda mashine yako mpaka akaifumia nguo ni kazi ambayo haimo kwenye maelezo ya amri yoyote. "Hapana, mama," nikamwambia. "Wewe uliitunza kwa unavyojua. Mimi niliyesomea ndiye niliyeandika kwamba ni nzima, na nikamtupia lawama huyu mwenzangu. Kama kuna muuaji hapa, ana cheti."

Zaituni akadakia, "Waswahili walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hawakusema ni nguo nzuri kiasi hiki." Na akaanza kucheka, kile kicheko chake, na mimi nikafuata, na Mama Theresia akajizuia, akajizuia, mwisho matiti na tumbo vyote vikacheka kabla ya mdomo. Tulipotulia alilikunja vazi kwa uangalifu, akatazama huku na huku.

"Basi nitaivalisha printa."

"Hapana, mama!" tukapiga kelele wote wawili.

"Kabati je? Kabati lina feni?"

Kabati halina feni. Kabati la madaftari ya zamani likavalishwa, na ninavyosikia limevaa mpaka leo.

Alhamisi niliandika ripoti mpya. Niliandika kwa mkono kwanza, kama Mzee Shabani alivyonifundisha, ili kalamu iwe nzito. Zaituni alikuwa mezani kwake siku nzima, karatasi zake kumi na tatu pembeni, anaandika, anasubiri, anaweka tiki. Nilidhani anajiandaa kwa maswali. Nilimletea sambusa, safari hii tukala pamoja.

Ijumaa kikaoni nilisimama na kusoma yote: kwamba ripoti yangu ya kwanza iliandikwa bila uchunguzi, kwamba mashine ilikuwa ikiungua, kwamba aliyeligundua hilo ni Zaituni kwa kukusanya ushahidi ambao mimi sikuutafuta, na kwamba naomba ripoti yangu ya kwanza iondolewe kwenye faili. Sista alikuwa anatabasamu tangu nilipotaja marinda. Mkuu wa Idara alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, maana sasa alikuwa na karatasi nyingine. Akafunua kalamu.

"Kwa hiyo vifo vyote kumi na tatu ni joto," alisema, "na programu haina kosa."

Ndipo Zaituni akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Kumi na mbili ni joto."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alivuta mguu.

"Jana nilichukua kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye kila kifo, nikairudia kwenye kompyuta yangu ya hapa, ambayo haina joto," akasema. "Kumi na mbili zilipita. Moja ilikufa. Nikairudia, ikafa. Nikairudia tena, ikafa palepale." Aliitoa ile karatasi, akaiweka mezani, akaisukuma mbele kwa kidole. "Kuna mama alijifungua watoto watatu kwa mpigo. Mimi kwenye programu nilitenga nafasi za watoto wawili, nikaona mapacha wanatosha. Wa tatu alipoandikwa, akaandikwa nje ya mpaka. Hii moja ni yangu."

Mkataba wake ulikuwa pale mezani, kurasa mbili, na kalamu ya Mkuu wa Idara ilikuwa imeshafunuliwa. Alikuwa ameshaokolewa. Alikuwa na hiari ya kukaa kimya, arekebishe kimyakimya, na sisi sote tungezeeka bila kujua.

Sista akainama kuitazama ile karatasi. "Na umesharekebisha, mwanangu?"

"Ndiyo, Sista. Nimetenga nafasi kumi."

"Kumi!" Sista akashika msalaba wake. "Unatuombea nini sisi watu wa Mgeta?"

Mkuu wa Idara, ambaye sikuwahi kumwona akicheka ndani ya kikao, alilazimika kuvua miwani. Alipoirudisha alinigeukia mimi, ripoti yangu ya kwanza mkononi. "Basi, Mama Perpetua, hii tuiache kwenye faili. Ulisema kasoro iko kwenye programu. Kumbe hukukosea."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na Zaituni ndiye aliyeifungua, kwa gharama yake mwenyewe. Nilimtazama. Alikuwa ananitikisia kichwa nikubali.

"Nilikosea mara kumi na mbili, mheshimiwa," nikasema. "Naomba iondolewe."

Mkuu wa Idara aliichana mbele yetu. Zaituni alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa mtandio wake, na mkataba ulitiwa sahihi kabla chai haijaletwa.